Walioshindwa wakirudi: niliyojifunza nikiongoza mikutano ya wakazi

Nikiulizwa mkutano ulikwendaje, huwa sijibu siku ileile. Nasubiri mkutano unaofuata, niangalie nani amerudi. Wale ambao hoja yao ilipita watarudi tu, wana sababu. Ninaowatafuta kwa macho ni wale waliotoka mikono mitupu: waliotaka uwanja ubaki wa watoto ukaamuliwa uwe maegesho, waliopinga mchango ukapitishwa, waliosema mtaro upite huku ukapelekwa kule. Nikiwaona wamekaa, hata kama wamenuna, najua kile kikao kilikuwa kikao kweli. Wasipoonekana, makofi yote tuliyopigiana siku ile hayana maana kwangu.

Nimeongoza mikutano ya wazi ya wakazi kwa miaka mingi sasa: ya taka, ya barabara, ya ulinzi, na mingine ambayo hata kuiandikia ajenda ilikuwa kazi. Imenifundisha kutilia shaka ile inayopendeza macho. Kuna mkutano uliokwisha kabla ya muda, hakuna aliyepinga, kila mtu akatoka anacheka, na baada ya wiki chache uamuzi wake ukawa umekufa kwa sababu hakuna aliyejiona ameuamua yeye. Kuna mwingine uliotutoa jasho, watu wakarushiana maneno, na uamuzi wake unafuatwa hadi leo.

Yeyote anayeniomba nimwongozee mkutano ninamuuliza kwanza: mnakuja kuwaambia watu jambo, kuwasikiliza, au kuamua pamoja nao? Wengi hujibu, "Yote." Basi tunakaa chini mpaka wachague, maana watu husamehe karibu kila kitu isipokuwa kuitwa waamue jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliandika makala iliyochora ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi yenye vidato nane. Chini kabisa aliweka kuwarubuni watu, juu kabisa wananchi kushika hatamu wenyewe. Kuwapa watu taarifa na kuwauliza maoni aliviweka katikati, kwenye kundi la ushirikishwaji wa kujionyesha, kwa kuwa anayeuliza hafungwi kwa lolote na anachojibiwa. Mimi simfuati hadi mwisho. Mkutano wa kutoa taarifa una heshima yake, mradi utangazwe kuwa ni wa kutoa taarifa.

Niliwahi kuitwa niongoze mkutano wa "kukusanya maoni" kuhusu ukarabati wa barabara. Nilipowabana wahusika siku chache kabla, ikatokea kwamba njia ilikwisha kuchorwa na mkandarasi alikwisha kupatikana. Nikawaambia sitafungua kikao mpaka wakubali kulisema hilo katika dakika tano za kwanza, na waseme pia ni kitu gani bado kinaweza kubadilika. Waliogopa kweli. Siku ilipofika, mkubwa wao akasimama akasema: njia haibadiliki; kinachoweza kubadilika ni saa za kazi, mahali pa kuvukia, na vifusi vimwagwe wapi. Watu waliguna. Mmoja akauliza kwa nini basi ameacha shughuli zake kuja. Lakini miguno ilikuwa mifupi, na muda wote uliobaki ukatumika kwenye mambo yale matatu. Kivuko karibu na shule kilipatikana siku ile kwa sababu wazazi hawakupoteza nguvu kupigania njia ambayo haikuwa mezani.

Kabla ya mkutano wowote mzito huwa nazunguka nyumba kwa nyumba, na naanza na wanaopinga. Siendi kuwashawishi. Namwambia mtu: "Tuseme siku ya mkutano umepata dharura hukuja, na mimi ndiye natakiwa kuieleza hoja yako. Niieleze vipi?" Anaeleza. Namrudishia kwa maneno yangu. Ananisahihisha. Narudia mpaka aseme, "Hapo umenielewa." Inachosha, na mara nyingine inachukua jioni nzima kwenye nyumba moja, lakini sijaona kitu kingine chenye faida kubwa kama hicho. Mtu aliyekwisha kueleweka anakuja mkutanoni kujadili. Ambaye hajaeleweka anakuja kupiga kelele ili asikike, na hapo si rahisi kumlaumu.

Huko majumbani ndiko unakozijua sababu ambazo hazitamkwi hadharani. Jamaa mmoja alikuwa anapinga taa za barabarani kwa hoja ya gharama, na alikuwa na hesabu zake zimepangika vizuri. Tulipozungumza kwa utulivu ikajulikana nguzo moja ingesimama mbele ya lango lake. Nguzo ikasogezwa, na hesabu za gharama sikuzisikia tena. Ila nina sharti moja juu ya mazungumzo haya: kilichokubaliwa sebuleni lazima kisemwe ukumbini. Nilisimama nikasema wazi kwamba nguzo ya pale inapendekezwa isogee kwa sababu ya lango, nikauliza kama kuna mwenye neno. Wakazi wana pua kali ya kunusa mambo yaliyopikwa pembeni. Wakihisi harufu hiyo mara moja, hata jambo safi utakalowaletea kesho watalikagua kama bidhaa bandia.

Ajenda naiandika kwa maswali. "Usalama" si ajenda. Ni mlango wa kila malalamiko tangu tuhamie. "Je, tuwe na walinzi wa zamu au tuajiri, na nani atawasimamia?" hiyo mtu anaweza kuijibu akalala. Na maswali yawe machache. Mambo mawili mazito yanatosha kwa jioni moja. La tatu litaamuliwa na waliobaki, na wanaobaki mwisho si lazima wawe na busara kuliko waliokwenda kulaza watoto. Jambo zito naliweka la pili, wakati watu wamekwisha kuzoea kiti na sauti zao lakini hawajachoka.

Kuhusu muda, Mwingereza C. Northcote Parkinson alitoa mwaka 1957 mfano wa kubuni ambao mimi nauona ukitimia kila mara. Kamati yake ilipitisha mtambo wa nyuklia wa pauni milioni 10 kwa dakika mbili na nusu, kisha ikabishana dakika 45 juu ya banda la baiskeli la pauni 350. Mtambo hakuna aliyeuelewa, na banda kila mtu anaweza kulichora kichwani. Mtaani ndivyo ilivyo: mpango wa maji taka unapita kimya, rangi ya geti inatutoa roho. Nikiona ukumbi umechangamka ghafla huwa najiuliza kama tumefika kwenye jambo kubwa au kwenye banda la baiskeli. Kama ni banda, naomba watu watatu wakalimalize wao na kuleta jibu. Na kama ni mtambo na watu wamekaa kimya, ninamwambia mtaalamu aanze upya, aseme yatakayotokea nyumbani kwa mtu wa kawaida endapo mpango utapita na endapo hautapita.

Halafu kuna "mengineyo". Hiki kipengele cha mwisho ndicho kichaka cha waviziaji. Mtu anasubiri ukumbi upungue, anasimama kwenye mengineyo na kupitisha jambo kubwa kwa kura za watu kumi na wawili wenye usingizi. Nilikwisha kuweka utaratibu: kwenye mengineyo tunapokea, hatuamui. Jambo likiwa na uzito linakwenda ajenda ya kikao kijacho, na mleta hoja anaambiwa hivyo kwa heshima. Wavizia-kikao wamenichukia kwa hilo. Sawa.

Ukumbi nitausema kwa ufupi. Viti nusu duara, hakuna meza kuu, na kama kuna jukwaa silipandi. Kipaza sauti kinashikwa na msaidizi anayetembea nacho. Msemaji anaongelea, hakabidhiwi, maana maiki ikishaingia mkononi mwa mtu kuitoa ni vita. Katibu anaandika kwenye karatasi kubwa ukutani, kila mtu akiona, na aliyesema anaweza kumrekebisha papo hapo.

Nani azungumze wa kwanza? Hili watu hulidharau. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Alecia Carter, ulifuatilia semina karibu 250 za vyuo katika nchi 10. Swali lolote lilikuwa na uwezekano mara mbili na nusu zaidi kuulizwa na mwanamume kuliko mwanamke, na pale aliyefungua maswali alipokuwa mwanamume, wanawake waliouliza baada yake walipungua zaidi. Zile ni semina za wasomi, si mikutano ya mtaa, lakini nilipousoma nilicheka, kwa sababu nimeiona picha hiyohiyo kwenye kila ukumbi. Wa kwanza akiwa mzee mwenye sauti nzito na cheo, anayefuata atakuwa mzee mwingine mwenye sauti nzito, na kufikia saa ya pili kijana aliyekuja na hoja yake amekwisha kuikunja na kuiweka mfukoni.

Kwa hiyo sifungui kwa kusema, "Haya, maoni." Nikishaeleza swali, nawaomba watu wageukiane wawili wawili au watatu, wazungumze kwa dakika tano. Ukumbi unavuma kama mzinga wa nyuki. Wengine huona ni mchezo wa watoto, na wazee huwa wanakunja uso mara ya kwanza. Lakini mama ambaye asingesimama mbele ya watu 200 kutoa wazo lake amekwisha kulitoa kwa jirani, jirani amesema "hilo ni kweli", na sasa ana ujasiri. Kisha naita kundi la nyuma kabisa lianze, upande ambao watu huchagua kukaa ili wasiitwe.

Kuna sababu nyingine ya kupenda dakika hizo tano. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka watu kwenye makundi ya kulinganisha urefu wa mistari. Mtu mmoja tu alikuwa mhusika halisi. Wengine walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo. Takriban theluthi ya majibu ya wahusika halisi yalifuata uongo wa kundi, ingawa jibu la kweli lilikuwa mbele ya macho yao. Lakini akipatikana mwenzake mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu! Nikiona jambo linapita kirahisi mno, ninachotafuta ni huyo mmoja. Nauliza: "Nani ana dukuduku ambalo halijasemwa?" Nanyamaza. Nahesabu kimoyomoyo mpaka ukimya uanze kuuma. Mara nyingi mkono unanyanyuka, na baada ya huo mingine mitatu.

Kanuni za mkutano zina historia ninayoipenda. Mwaka 1863 mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa aongoze mkutano kanisani huko New Bedford, Massachusetts. Hakujua pa kuanzia, mambo yakamharibikia, na aliondoka na aibu iliyomfanya aanze kusoma jinsi mabaraza yanavyoendeshwa. Mwaka 1876 akachapisha kanuni ambazo hadi leo vyama na mabaraza mengi ya Marekani yanazitumia. Nimezipitia. Kwa mkutano wa mtaa ni nzito mno. Ukizibeba zote utaongoza kitabu badala ya watu. Lakini ndani yake kuna vitu viwili vitatu ambavyo siviachi. Aliyekwisha kusema asirudie kusema mpaka wasiosema na wanaotaka kusema wamalize. Mjadala usifungwe kwa wingi wa kawaida tu. Theluthi mbili wakubali kwamba tumejadili vya kutosha. Na fikra iliyo chini ya yote hayo ni kwamba utaratibu unalinda haki za wengi, za wachache, za mtu mmoja mmoja, na hata za wale ambao hawakuja.

Wengi ukumbini hawahitaji kulindwa. Wana wingi wao. Ndiyo maana ninapokatiza kelele za kumzomea mtu, sifanyi hivyo kwa sababu nampenda au naipenda hoja yake. Nilishamzima mwenyekiti wa kamati yangu mwenyewe kwa kumguna msemaji. Tahadhari yangu ni moja: kanuni zinaweza kugeuzwa rungu. Kuna watu wanaojua kusema "hoja ya utaratibu, mwenyekiti" kila wanapozidiwa. Dawa yake nimeona ni kumuuliza kwa upole ni utaratibu gani uliovunjwa. Kama upo, namshukuru na tunarekebisha. Kama haupo, namwandika kwenye foleni ya wasemaji kama mtu mwingine yeyote.

Sasa hasira. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndicho kitu wanachokiogopa wengi wanaoanza kuongoza, na ndicho ninachokiogopa kidogo kuliko vyote. Mkutano wa wakazi usio na hasira hata chembe unanipa wasiwasi. Ama jambo halina maana, ama wenye maumivu hawakuja. Kosa ninaloliona kwa viongozi wengi ni kukimbilia kutuliza. "Tulia mzee wangu, tulia kwanza." Sijawahi kuona mtu aliyetulizwa na neno tulia.

Mkutano mmoja ulihusu mafuriko. Mama mmoja alisimama kabla hajaitwa, akaanza kusema kwa sauti inayotetemeka kwamba kila masika wanakuja hapa, wanasema, wanaandikwa, kisha wanarudi nyumbani kuchota maji sebuleni. Kijana wa itifaki akaanza kumsogelea ili amketishe. Nikamzuia kwa mkono. Nikamwomba katibu ayaandike maneno ya mama kama alivyoyasema, bila kuyapamba, na mama akayaona yakiandikwa. Ofisa aliyekuwapo akashika maiki, akaanza: mchakato wa bajeti, awamu za utekelezaji, upembuzi yakinifu. Niliona mabega ya watu yakipanda. Nikamkatiza: "Samahani mheshimiwa, bajeti tutaifikia. Mjibu mama kwanza. Unajua kwamba maji yanaingia kwake, au hujui?" Akatazama chini kidogo, akasema, "Najua. Nimefika pale." Mama akakaa. Hakuna kilichokuwa kimetatuliwa, hata tofali moja halikuwa limewekwa, lakini kuanzia hapo aliweza kusikiliza mambo ya bajeti, na maswali aliyouliza baadaye ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote.

Nilichokipata pale nimekitumia mara nyingi: mtu mwenye hasira anataka kwanza ukweli wake ukubaliwe kuwa ni ukweli, ndipo mambo mengine yafuate. Na akishapumua, namrudishia kazi: "Ungekuwa wewe ndiye unaamua, ungeanza na nini?" Wengi wana jibu tayari, zuri kuliko la ofisini, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hasira ya kutumwa ni kitu kingine. Wapo wanaokuja wamepangwa wavuruge, na kuwatambua si kazi kubwa: wanapiga kelele wakati wa jumla na kuchoka tunapoingia kwenye undani. Huyu simgombezi. Namuuliza swali mahususi sana, kwa mfano mtaro huo upite mbele ya nyumba ipi, na kina chake kiwe kiasi gani. Mwenye uchungu wa kweli atajibu. Aliyetumwa atatafuta mlango. Na nisiwe mnafiki: kuna siku nimekosea kutofautisha wawili hawa, ndiyo maana nauliza swali tu bila kumwita mtu mvurugaji.

Wageni wakubwa nao wana dakika zao sawa na mkazi yeyote, na huwa nawaambia kabla hawajafika ili isiwe fedheha. Mmoja aliwahi kukataa kuja kwa ajili hiyo. Mkutano ulikwenda vizuri.

Tukija kwenye kuamua, nina mfano mmoja wa mbali ninaoupenda. Katika jimbo la Glarus nchini Uswisi, wananchi bado hukusanyika uwanjani Mei ya kila mwaka, wanapiga kura kwa kunyanyua kadi, na anayeongoza anakadiria kwa macho upande upi umezidi. Raia yeyote anaweza kusimama kupendekeza mabadiliko. Mwaka 2006 serikali yao ilipendekeza manispaa 25 ndogondogo ziunganishwe ziwe 10. Raia mmoja akapendekeza ziwe 3, na uwanja ukamkubali. Watu wengi walipigwa na butwaa, wengine wakakasirika wakisema uamuzi mkubwa namna ile umepita kwa jazba ya siku moja. Waliokasirika wakadai mkutano mwingine wa dharura, ukaitishwa Novemba 2007, na uamuzi wa manispaa 3 ukathibitishwa kwa wingi mkubwa. Ulianza kutumika mwaka 2011.

Kinachonivutia kwenye kisa hicho ni ule mkutano wa pili. Walioshindwa walikuwa na pa kurudi, wakarudi, wakashindwa tena, na safari hii hakuna aliyeweza kusema amepigwa changa la macho. Kwa hiyo nami nimeingiza kwenye mikutano yetu dirisha la kurudi: uamuzi mzito unakaa wiki mbili kabla ya kutekelezwa, na wakazi wa idadi tuliyokubaliana wakitia saini, unarejeshwa mezani mara moja, si zaidi. Haujarejeshwa mara nyingi. Ila kuwapo kwa dirisha hilo kumepunguza sana ubishi wa usiku wa mkutano, maana mtu hajihisi kwamba asiposhinda leo amekwisha.

Kukadiria kwa macho nawaachia Waswisi. Sisi mikono ikikaribiana tunahesabu, na wahesabuji ni wawili, mmoja kutoka kila upande, wanatembea pamoja mstari kwa mstari na kutaja namba moja. Jambo likiwa linaweza kumletea mtu uadui na jirani yake, tunapiga kura ya siri hata kama ni kwa vipande vya karatasi. Na nisingependa kutafuta makubaliano ya wote kwa nguvu. "Sote tumekubaliana" ni sentensi ninayoiogopa kwenye muhtasari, kwa sababu mtu aliyekuwa anapinga akiisoma anaona amefutwa. Tunaandika: waliokubali wangapi, waliokataa wangapi, na hoja kuu ya waliokataa ilikuwa ipi. Aya moja tu, lakini katibu anapoiandika huwa namwambia aisome kwa mmoja wao kabla ya kuibandika.

Muhtasari unatoka ndani ya siku chache, ukurasa mmoja au miwili, kila azimio likiwa na jina la anayelibeba na tarehe. Kikao kijacho kinafunguliwa kwa yatokanayo, na aliyebeba azimio anasimama mwenyewe kueleza, hata kama hajafanya kitu. Hasa kama hajafanya kitu. Mara ya kwanza watu walitoa visingizio virefu. Siku hizi wengi wanafika na kazi imekwisha, au wanakuja kuomba msaada mapema.

Na kwenye kamati ya utekelezaji lazima awepo mtu wa upande ulioshindwa, akikubali. Yule aliyepinga uwanja kugeuzwa maegesho aliingia kwenye kamati ya maegesho. Wenzangu walidhani atakwamisha. Alikuwa msumbufu, ndiyo, alipima kila hatua kwa futi, akagombana na fundi mara mbili mbele yangu. Lakini kona ya watoto iliyobaki pale, yenye uzio na kivuli, ni yeye aliyeipigania mle ndani, na asingeipata akiwa amekaa nyumbani.

Kundi linaloniumiza kichwa sasa ni la wasiokuja kabisa. Wanaofanya kazi zamu za usiku, wanaouguza, wanaohama kila baada ya miezi michache, wanaoona lugha ya mikutano si yao. Hao hawarudi kwa sababu hawakuwahi kufika, kwa hiyo kipimo changu kinawaruka. Tumejaribu kubadilisha saa na siku, ikasaidia kwa wachache. Kupokea maoni kwa ujumbe wa simu kulileta maoni mengi, ila ya walewale ambao tayari wana sauti ukumbini. Kinachoonekana kufaa kidogo ni fomu fupi yenye maswali yaleyale ya ajenda, inayopelekwa kwa mkono na kijana anayekaa na mtu mpaka ajibu, kisha majibu yanasomwa kwa sauti mwanzoni mwa mjadala, kabla ya yeyote ukumbini hajafungua mdomo. Mkutano ujao ni wa bomba jipya la maji. Nyumba za bondeni, ambako hakuna hata mmoja aliyewahi kuhudhuria, vijana wawili wameanza kuzipitia jana.